Bima ya Gari: Inachofidia, Isichofidia, na Njia ya Kudai Haki Yako

Tuanze na mfano wa kubuni, ambao hata hivyo hautamshangaza mkazi yeyote wa Kariakoo. Ni Jumamosi asubuhi katika Mtaa wa Msimbazi. Gari dogo la mizigo, aina ile ambayo mitaani huitwa kirikuu, linarudi nyuma likiwa limebeba marobota ya vitenge ya mteja. Dereva hamwoni mchukuzi anayesukuma mkokoteni nyuma yake. Gari linamgonga mchukuzi huyo, kisha linajibamiza kwenye nguzo. Mchukuzi anavunjika mguu na mkokoteni wake unapondeka. Bodi ya gari inabonyea na taa zinavunjika. Robota moja linaangukia mtaroni na vitenge vyake havifai tena kuuzwa. Dereva, ambaye ni mwajiriwa, anateguka mkono. Mwenye gari anapopigiwa simu anajibu kwa utulivu: “Msiwe na wasiwasi, gari lina bima.”

Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Katika ajali hiyo moja kuna hasara za aina nne: mwili na mkokoteni wa mchukuzi, bodi ya gari, mzigo wa mteja, na mkono wa dereva. Kila hasara ina mlango wake wa fidia, na bima aliyonayo mwenye gari huenda inafungua mlango mmoja tu. Makala hii inakusudia kumsaidia msomaji kuijua milango hiyo kabla ya ajali, maana baada ya ajali huwa hakuna nafasi ya kuchagua upya.

Kwa nini bima ya gari ni lazima

Nchini Tanzania hakuna anayeruhusiwa kuendesha chombo cha moto barabarani bila bima. Wajibu huo umewekwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kampuni za bima, mawakala na madalali wake husimamiwa chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009, ambayo ndiyo iliyoianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Wengi hudhani sheria imelazimisha bima ili kumlinda mwenye gari. Sivyo. Sheria ilimtazama kwanza yule aliye nje ya gari: mtembea kwa miguu, mama lishe aliye kando ya barabara, abiria wa bodaboda, mchukuzi mwenye mkokoteni. Mtu huyo hakuchagua kuingia katika hatari ya gari lako, na huenda wewe mwenyewe huna uwezo wa kumlipia matibabu. Kwa hiyo sheria ikaagiza kwamba kabla gari halijatoka barabarani, pawepo kampuni iliyokubali kubeba dhima hiyo.

Hapo ndipo lilipotoka jina la “bima ya mtu wa tatu”. Mtu wa kwanza ni wewe mkata bima. Wa pili ni kampuni iliyokukatia. Wa tatu ni yeyote mwingine anayepata madhara kutokana na gari lako.

Bima ndogo, bima kubwa, na iliyo kati yake

Wananchi wamezoea kuziita bima za magari kwa majina mawili mepesi: bima ndogo na bima kubwa. Majina hayo yanafaa, mradi tujue kila moja limebeba nini.

Bima ndogo ni bima ya mtu wa tatu. Hulipa fidia ya kifo au majeraha ya mtu mwingine pale dereva wa gari lililokatiwa bima anapokuwa na kosa. Hati nyingi huongeza pia uharibifu wa mali ya mtu huyo, lakini hadi kikomo kilichoandikwa ndani ya hati. Bima hii hailipi hata senti moja kwa ajili ya gari lako mwenyewe. Gari likipondeka, likiungua au likiibwa, hasara ni yako.

Bima ya kati ni ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Ina yote yaliyomo katika bima ndogo, na juu yake hukulipa iwapo gari lako litaungua au kuibwa. Haikulipi ukiligonga.

Bima kubwa huunganisha hayo yote na uharibifu wa gari lako kutokana na ajali, hata kama mwenye kosa ni wewe. Ndiyo ghali zaidi, na ndiyo inayotakiwa na benki nyingi pale gari linaponunuliwa kwa mkopo. Hata hivyo, ukubwa wa jina usikupumbaze: nayo ina mipaka yake, kama tutakavyoona.

Sasa turudi Mtaa wa Msimbazi. Tuseme mwenye kirikuu alikata bima ndogo. Mchukuzi ana haki ya kudai fidia ya mguu wake kupitia bima hiyo, na mkokoteni wake pia unaweza kufidiwa ikiwa hati inagusa mali. Bodi ya gari haitalipwa. Vitenge navyo havitalipwa, kwa sababu mzigo uliomo ndani ya gari haumo katika bima ya gari, iwe ndogo au kubwa. Mzigo una bima yake, ile ya mali iliyo safarini, nayo hukatwa peke yake. Dereva aliyeumia akiwa kazini hatazamwi kama mtu wa tatu. Njia yake ya fidia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Hasara nne, milango minne. Mwenye gari aliyesema “msiwe na wasiwasi” alikuwa na ufunguo wa mlango mmoja.

Thamani ya gari na hesabu inayoumiza

Anayekata bima kubwa huulizwa gari lina thamani gani, na ada hutozwa kwa asilimia ya thamani hiyo. Hapo vishawishi huanza. Mtu hufikiri kwamba akitaja thamani ndogo ataokoa fedha.

Tuchukue hesabu ya mfano. Gari linauzwa sokoni kwa shilingi milioni 20, na kiwango cha ada tuseme ni asilimia 3.5. Ada kabla ya kodi ingekuwa shilingi 700,000. Mwenye gari akatangaza thamani ya shilingi milioni 10, akalipa shilingi 350,000. Ameokoa nusu ya ada.

Baada ya miezi kadhaa gari linapata ajali na matengenezo yanagharimu shilingi milioni 4. Ikiwa hati ina kanuni ya uwiano, kampuni itasema hivi: ulikatia bima nusu ya thamani, nasi tunabeba nusu ya hasara. Badala ya milioni 4, hesabu inabaki milioni 2. Kisha hukatwa kiasi ambacho mkata bima huchangia mwenyewe katika kila dai. Kama mchango huo ni asilimia 10, shilingi 200,000 zinaondoka. Anapokea shilingi milioni 1.8 na kutafuta milioni 2.2 mfukoni mwake. Aliyeokoa shilingi 350,000 amepoteza mara nyingi zaidi.

Kutaja thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii. Bima hukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, wala haikutajirishi. Gari la milioni 20 lililokatiwa bima ya milioni 30, likiibwa, hulipwa kwa bei yake ya sokoni siku ile. Ada ya ziada uliyolipa imekwenda bure. Kumbuka pia kwamba gari hushuka thamani kila mwaka. Unapohuisha bima usirudie tarakimu ya mwaka uliopita kwa mazoea, bali uliza bei ya soko.

Hakiki bima kabla hujaondoka dirishani

Eneo la Kariakoo lina mawakala wengi wa bima, baadhi katika ofisi, wengine kwenye meza na miavuli. Wengi hufanya kazi halali. Lakini palipo na biashara nyingi hapakosi mjanja anayeuza karatasi isiyo na bima nyuma yake. Anayeuziwa karatasi hiyo hugundua siku ya ajali au siku askari wa usalama barabarani anapolikagua gari.

Kwa sababu hiyo, bima za magari husajiliwa katika mfumo wetu wa kielektroniki uitwao TIRA-MIS, na kila gari hupewa stika ya kielektroniki inayohusishwa na namba yake ya usajili. Karatasi peke yake si uthibitisho. Kabla hujaondoka kwa wakala, fungua mfumo huo kwenye simu yako, ingiza namba ya usajili wa gari au ya stika, na usome majibu. Yatazame mambo manne: jina la kampuni ya bima, aina ya bima, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kama gari halionekani, au umelipia bima kubwa na mfumo unaonyesha ndogo, usiondoke.

Omba pia risiti, na uombe hati kamili ya bima. Wengi huridhika na karatasi ya ukurasa mmoja, kumbe masharti yote yaliyotajwa katika makala hii yamo ndani ya hati. Aidha, kumbuka kwamba bima huanza pale ada inapolipwa. Maneno ya “nitakuwekea, utanilipa mwisho wa mwezi” hayana kinga yoyote ndani yake.

Mambo yanayopoteza haki

Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu. Kampuni haiwezi kujua kila kitu kuhusu gari lako, hivyo hukuuliza na kuamini majibu yako. Jibu la uongo leo laweza kuwa sababu ya kukataliwa kesho. Yafuatayo ndiyo yanayowaponza wengi.

Kwanza, matumizi ya gari. Bima hutofautisha gari la matumizi binafsi, la mizigo, la abiria wa kulipa, na la kukodisha. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha likabeba abiria wa teksi za mtandaoni, au marobota ya wateja kutoka Kariakoo hadi Mbagala kwa malipo, liko nje ya mkataba. Tofauti ya ada ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya dai lililokataliwa.

Pili, dereva. Hati hutaka dereva awe na leseni hai ya daraja linalolingana na chombo. Utingo anayeombwa “asogeze gari kidogo” hana kinga ya bima yako ikiwa hana leseni. Kuendesha ukiwa umelewa nako huvunja mkataba.

Tatu, hali ya gari. Bima hulipa ajali, hailipi uchakavu. Tairi lililokwisha, breki zilizochoka au injini iliyozeeka ni wajibu wa mwenye gari. Kuzidisha mzigo kuliko uwezo wa gari pia huweza kuleta mgogoro.

Nne, kuuza na kununua. Mnunuzi wa gari lililotumika mara nyingi huambiwa kwamba “bima bado ina miezi sita”. Bima ni mkataba baina ya kampuni na mtu aliyeukata, haihami yenyewe kama mafuta yaliyomo ndani ya tenki. Mnunuzi anapaswa kwenda kwenye kampuni ili bima ihamishiwe jina lake, au akate mpya, pamoja na kuhamisha umiliki wa gari.

Mvua, vioo na mambo ya mjini kwetu

Mkazi wa bonde la Msimbazi hahitaji kuelezwa habari za mafuriko. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu na kuwahamisha wakazi wengi wa mabondeni, na hadi miaka ya karibuni Barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa pale Jangwani maji yanapojaa. Je, gari lililozama hulipwa?

Bima ndogo hailipi. Bima kubwa huweza kulipa, lakini si hati zote zinazotaja mafuriko katika kinga yake ya kawaida, na nyingine huyaongeza kwa ada ya ziada. Uliza na upate jibu kwa maandishi. Tena, ipo tofauti kati ya gari lililoegeshwa likafuatwa na maji, na gari ambalo dereva wake aliona barabara imefungwa akaingia majini hadi injini ikameza maji. La pili laweza kuhesabiwa kuwa uzembe. Ukikuta maji, geuza gari. Likizama, usiliwashe, maana kuliwasha huongeza uharibifu, nayo kampuni haitalipa ulichokiongeza wewe.

Jambo jingine ni wizi wa vioo vya pembeni, taa na redio. Wenye magari wengi huchonga namba za usajili kwenye vioo vyao ili kumkatisha tamaa mwizi. Ni busara njema, na iendelee. Lakini usidhani bima kubwa hulipa kila kioo kinachong’olewa. Hati nyingi huweka kikomo kwa vifaa vya aina hiyo, au huvitoa kabisa iwapo gari lenyewe halikuibwa. Na hata vikiwemo, gharama ya kioo kimoja huweza kuwa chini ya kile unachopaswa kuchangia mwenyewe, hivyo dai halina faida. Zaidi ya hayo, kudai vitu vidogo huweza kukupotezea punguzo wanalopewa wasiodai kwa mwaka mzima.

Siku ya ajali

Ajali ikitokea, akili hutawanyika na watu hujaa. Ni vyema kuwa na mpangilio kichwani kabla.

Simama. Sheria ya Usalama Barabarani inakutaka usimame, umsaidie aliyeumia na utoe taarifa polisi. Ikiwa umati umekasirika na maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, kama vile Kituo cha Msimbazi kwa walio Kariakoo, ujiripoti hapo.

Uhai kwanza. Aliyeumia apelekwe hospitali, na fomu ya PF3 itolewe na polisi kwa ajili ya matibabu yake. Fomu hiyo baadaye huwa ushahidi wake wa kwanza.

Piga picha kabla magari hayajasogezwa: sehemu zilizoharibika, namba za usajili, alama za matairi, na mtaa wenyewe. Chukua majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu. Wenye vibanda na walinzi wa maduka huona mengi, na baadhi ya maduka yana kamera.

Usikimbilie “kumalizana hapa hapa”. Desturi hii imeshamiri mjini: mwenye kosa anatoa noti chache, wanapeana mikono, kila mtu anakwenda zake. Jioni mguu unavimba na picha ya eksirei inaonyesha mfupa uliovunjika. Mwenye gari hana ripoti ya polisi, na aliyeumia hana namba ya gari. Aidha, hati nyingi za bima humkataza mkata bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kumpeleka majeruhi hospitali si kukiri kosa. Huo ni utu, tena ni wajibu wa kisheria. Lakini kuandikishiana kwamba “nitalipa kila kitu” ni jambo jingine.

Itaarifu kampuni ya bima mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Hati yako inataja muda wa mwisho wa kutoa taarifa, na kuchelewa huipa kampuni sababu ya kuuliza maswali. Toa taarifa hata kama unaamini huna kosa, na hata kama huna nia ya kudai chochote.

Kutoka taarifa hadi malipo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dai la bima nalo huishi kwa karatasi. Andaa fomu ya madai iliyojazwa kikamilifu, hati ya bima, kadi ya gari, leseni ya dereva, ripoti ya polisi pamoja na mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na makadirio ya matengenezo. Unapowasilisha, baki na nakala, na uombe kampuni igonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Muhuri huo ndio utakaoonyesha siku saa ya kampuni ilipoanza kuhesabu.

Usitengeneze gari kabla halijakaguliwa. Wengi hukimbilia Gerezani kutafuta vipuri siku ya pili, wakaja kudai gari likiwa limeshanyooshwa na kupigwa rangi. Kampuni humtuma mkadiria hasara aone uharibifu, atenganishe wa ajali na ule wa zamani, na apime kama gari linatengenezeka. Gharama za matengenezo zikikaribia au kuzidi thamani ya gari, huhesabiwa kuwa limeharibika kabisa. Hapo hulipwa thamani yake, na mabaki huwa ya kampuni, au hubaki kwako bei yake ikikatwa katika malipo.

Mwishoni utaletewa hati ya kukubali malipo. Isome kwa utulivu. Kwa kawaida inasema kwamba umepokea kiasi fulani na huna dai jingine. Ukiisaini, umefunga mlango. Kama kiasi hakiridhishi, omba kwa maandishi mchanganuo wa hesabu kabla ya kusaini: gharama iliyokubaliwa, kilichokatwa, na sababu ya kila makato. Ni haki yako kujua, na hupaswi kuona haya kuuliza.

Wewe uliyegongwa

Tumesema bima ya lazima iliwekwa kwa ajili ya aliye nje ya gari. Ajabu ni kwamba huyo ndiye asiyejua kuwa ana haki. Mchukuzi wetu wa Mtaa wa Msimbazi hakukata bima yoyote, hivyo hadhani kama kampuni ya bima inamhusu. Inamhusu sana.

Ukigongwa, au ndugu yako akigongwa, jambo la kwanza ni namba ya usajili wa gari. Kwa namba hiyo unaweza kujua katika mfumo wa TIRA-MIS ni kampuni gani iliyolikatia bima, bila kumsihi mwenye gari. Hakikisha ajali imefunguliwa taarifa polisi. Tunza PF3, vyeti vya daktari na risiti zote, pamoja na nauli za kwenda kliniki. Tafuta pia uthibitisho wa kipato kilichopotea. Mchukuzi hana hati ya mshahara, lakini anaweza kuwa na barua ya kikundi chake, daftari la kazi au maelezo ya wafanyabiashara anaowabebea. Kisha peleka dai kwa maandishi kwenye kampuni ile. Kama kuna aliyefariki, wategemezi wake huweza kudai kupitia msimamizi wa mirathi.

Ikiwa hamkukubaliana na shauri likaenda mahakamani, kampuni ijulishwe kuhusu shauri hilo mapema. Sheria imempa aliyeumia ulinzi wa pekee: hukumu ikitolewa dhidi ya aliyekatiwa bima, kampuni hulazimika kuilipa ndani ya mipaka ya sheria, nayo yaweza baadaye kumdai mteja wake aliyevunja masharti. Maana yake ni kwamba ugomvi kati ya kampuni na mwenye gari usiwe sababu ya kukurudisha nyumbani mikono mitupu.

Usichelewe. Chini ya Sheria ya Ukomo, madai ya madhara ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Madai yanayotokana na mkataba, kama vile ya mkata bima dhidi ya kampuni yake, yana miaka 6, lakini masharti ya hati kuhusu kutoa taarifa ni ya muda mfupi zaidi.

Ukinyimwa au ukizungushwa

Kukataliwa si mwisho. Omba sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha hati kilichotumika. Kisha andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni, ukiambatisha nakala zako zenye mihuri. Migogoro mingi huweza kumalizika hapa, kwa kuwa mara nyingine kinachokosekana ni karatasi moja tu.

Kama hujaridhika, fika katika ofisi zetu za kanda au wasilisha malalamiko yako kwa barua. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ili kusikiliza migogoro kati ya wananchi na kampuni za bima bila mzigo wa taratibu za mahakama. Huhitaji wakili ili kusikilizwa huko. Mahakama nayo hubaki wazi kwa atakayeona haki yake haijapatikana.

Neno kwa wasafirishaji. Gari linalovuka mpaka kupeleka bidhaa za Kariakoo Lubumbashi au Lusaka haliendi na bima ya ndani peke yake. Tanzania inashiriki katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hulinda dhima yako kwa watu wa tatu katika nchi nyingine zinazoshiriki. Ichukue kupitia kampuni yako kabla ya safari.

Kabla hujafunga kijitabu hiki

Tunamwomba kila mwenye gari afanye jambo moja leo. Aichukue hati yake ya bima, asome kurasa mbili: ule unaoeleza inachofidia na ule unaoeleza isichofidia. Kisha ajiulize, kama lile gari la Mtaa wa Msimbazi lingekuwa langu, ni milango mingapi kati ya ile minne ingefunguka? Akikuta jibu halimridhishi, bado ana muda wa kurudi kwa wakala wake na kurekebisha. Mwenye kirikuu wetu hakuwa na muda huo. Simu ilipolia, ajali ilikuwa imekwisha kutokea.